Nywele zinazojaa kwenye kitana na doa dogo la utosini

Msomaji wetu, mama wa miaka 36 anayeishi Newala, ameandika hivi:

"Daktari, shikamoo. Nina watoto watatu. Wa mwisho ana miezi mitano na bado namnyonyesha. Tangu alipofikisha miezi mitatu nywele zangu zinatoka kwa wingi. Nikichana, kitana kinajaa, na nilipofumua rasta nilizokaa nazo wiki sita nilibaki na fungu la kujaza mkono. Panja zangu zimerudi nyuma tangu kabla ya ujauzito huu. Pia kuna sehemu ndogo utosini, kama sarafu ya shilingi mia mbili, ambapo nywele ni fupi, zinakatika, na panawasha, lakini hiyo ni ya siku nyingi na hainisumbui sana. Mama mkwe anasema ni maziwa, nimwachishe mtoto. Wifi yangu anasema kuna mtu ameokota nywele zangu. Nimenunua vidonge vya vitamini vya nywele na mafuta ya nyonyo, sioni tofauti. Nifanye nini? Au ninyoe tu zianze upya?"

Marahaba, dada. Umeeleza mambo matatu yanayotokea katika kichwa kimoja, na umeyapanga kwa kufuata wingi wa nywele zinazotoka: kitana kwanza, panja baadaye, na doa la utosini mwisho kabisa, tena kwa kulipuuza. Mimi ningeyapanga kinyume chake. Nywele zinazokujaza hofu zina uwezekano mkubwa wa kurudi zenyewe, ilhali hilo doa ambalo halikusumbui ndilo linalopaswa kukupeleka hospitali mwezi huu. Nitaanza na linalokuogopesha ili tulimalize.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo laki moja, na kila moja huota katika kitundu chake kwa ratiba yake. Unywele hukua kwa miaka miwili hadi sita, kisha kitundu husinyaa kwa wiki mbili au tatu, halafu unywele hukaa bila kukua kwa miezi miwili au mitatu hivi kabla ya kuanguka na kuupisha mwingine. Kwa kuwa vitundu haviendi pamoja, mwanamke mwenye afya njema hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku bila kuona pengo lolote. Aliyesuka rasta hazioni zikianguka kwa sababu zimebanwa ndani ya msuko. Akifumua baada ya siku 42, zinatoka kwa mkupuo nywele 2,100 hadi 4,200 ambazo zilikwisha kung'oka zenyewe siku nyingi. Kwa hiyo, kabla hatujatafuta ugonjwa wowote, sehemu kubwa ya lile fungu ulilolishika mkononi inaelezwa na hesabu hiyo peke yake.

Juu ya hesabu hiyo kuna uzazi. Wakati wa ujauzito homoni ya estrojeni hupanda na kuzizuia nywele nyingi zisiingie katika mapumziko, ndiyo maana wajawazito wengi husifiwa kwa nywele zilizojaa. Mama akishajifungua homoni hizo hushuka ghafla, na nywele zilizokuwa zimecheleweshwa huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha huanguka kwa pamoja miezi miwili hadi minne baadaye. Wewe umeandika kwamba zilianza mtoto alipofikisha miezi mitatu, na hiyo ndiyo tarehe ambayo ningeikisia hata kama usingeitaja. Hali hii kwa kawaida hutulia mtoto anapokaribia kutimiza mwaka. Homa kali, malaria iliyomlaza mtu, upasuaji, kupungua uzito kwa haraka au msiba mzito huweza kuleta jambo lilelile, na kwa kuwa nywele huanguka miezi kadhaa baada ya tukio, watu wengi huwa wameshalisahau tukio lenyewe na kumtafuta mchawi wa jana.

Unaweza kujihakikishia hapo nyumbani. Chukua nywele kumi zilizoanguka zenyewe, zilaze juu ya kitambaa cheusi au cheupe, chochote kitakachokuonyesha vizuri zaidi, kisha tazama ncha zake kwenye mwanga wa dirishani. Unywele uliomaliza ratiba yake una kichwa kidogo cheupe kwenye ncha moja, kidogo kuliko kichwa cha pini. Unywele uliokatika hauna kichwa hicho, na ncha zake zote mbili huwa zimechanika au ni kavu. Zenye kichwa cheupe zimetoka kwa kupukutika; zilizokatika zimetoka kwa sababu ya dawa, moto, kitana au kuvutwa. Katika hali yako natarajia utakuta aina zote mbili, na hilo lenyewe ni jibu.

Kunyonyesha hakuhusiki. Mama aliyejifungua na kumpa mtoto maziwa ya kopo hupukutika vilevile, na mwaka wa kwanza ukimalizika wote wawili hurudi sawa. Tafadhali usimwachishe mtoto wa miezi mitano kwa sababu ya nywele; anastahili maziwa yako peke yake mpaka miezi sita, na baada ya hapo pamoja na chakula kingine hadi miaka miwili au zaidi. Mama mkwe umjibu kwa heshima zote, lakini titi libaki.

Hata hivyo kuna kitu kimoja katika uzazi na kunyonyesha ambacho kinaweza kuurefusha upukutikaji huu, nacho ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba takriban asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania walio katika umri wa kuzaa wana upungufu huo, na mwanamke wa mikoa yetu ana njia nyingi za kuupata: mimba zinazofuatana, malaria, minyoo ya safura inayopenya kwenye nyayo za anayelima bila viatu, hedhi nzito, na chakula ambacho siku nyingi ni ugali wa muhogo na mboga za majani bila kitoweo. Kama unachoka upesi, moyo unakwenda mbio ukipanda mlima, viganja vimepauka, au una hamu ya kula udongo, mwambie mhudumu wa afya jambo hilo waziwazi. Kipimo cha wingi wa damu ni cha kawaida hata katika kituo cha afya. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunatarajia gramu 12 kwa desilita au zaidi. Kuna pia kipimo cha akiba ya madini chuma mwilini, ambacho huweza kuonyesha kwamba akiba imekwisha kabla damu yenyewe haijapungua, ila hicho hakipatikani kila mahali.

Kisamvu na majani ya kunde yana madini chuma, lakini ni ya aina ambayo mwili huyachukua kwa shida. Vitamini C inayoliwa katika mlo huohuo huyasaidia kuingia, kwa hiyo kamulia ndimu, au kula embe au bibo msimu ukiwadia. Mabibo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na inasikitisha kuona yanavyoozea chini ya mikorosho huku watu wakinunua vidonge. Chai ya rangi inywe mbali na mlo, angalau saa moja, kwa sababu huyazuia madini hayo kufyonzwa. Samaki, dagaa na maini yana madini chuma yanayofyonzwa kwa urahisi zaidi. Ukiandikiwa vidonge vya kuongeza damu, vimeze kwa muda wote ulioelekezwa, ila mwenye selimundu asijiandikie mwenyewe.

Sasa panja. Panja zilizorudi nyuma kabla ya ujauzito hazina uhusiano na uzazi. Zina uhusiano na mikono ya msusi. Unywele unaovutwa kila siku kwa wiki kadhaa hulegea kwenye kitundu chake, kitundu hupata uvimbe, na uvimbe ukirudiwarudiwa kwa miaka, kovu hukaa mahali pa unywele. Huanzia pale panapovutwa zaidi, yaani kwenye paji la uso, panjani na nyuma ya masikio. Ukitazama kioo kwa karibu huenda ukaona mstari mwembamba wa vinyweleo laini vilivyobaki mbele kabisa, kisha nyuma yake sehemu tupu, halafu ndipo nywele zako zenye nguvu zinaanza. Mstari huo wa mbele umebaki kwa sababu vinyweleo vyake vilikuwa vifupi mno kushikwa na vidole vya msusi, na kwa daktari ni ushahidi ulio wazi kuliko maelezo yoyote.

Kinachosikitisha ni kwamba maumivu tumeyageuza kuwa kipimo cha ufundi. Mtu anatoka saluni akiwa hawezi kufumba macho vizuri, anameza dawa ya maumivu ili apate usingizi, vipele vyenye usaha vinatokea ukingoni mwa nywele, na bado anasifiwa kuwa amesukwa vizuri. Msuko unaouma ni msuko unaong'oa. Hatari huongezeka nywele zikiwa zimewekwa dawa, kwa sababu dawa za kunyoosha, ambazo nyingi hutengenezwa kwa kemikali kali za jamii ya magadi, huudhoofisha unywele kabla haujabebeshwa uzito wa rasta. Msimu wa korosho ukiisha na malipo yakaingia, harusi na sherehe za watoto hufuatana, na mtu anaweza kuretachi, kusuka, kufumua na kushonea wivingi ndani ya mwezi mmoja. Nywele hazina namna ya kustahimili hayo.

Kwa hiyo mwambie msusi wako asikaze kwenye ukingo, na asibebe vinywele vya panjani kabisa. Rasta ziwe chache, fupi na nyepesi, zisizidi wiki sita, na kati ya msuko mmoja na mwingine nywele zipumzike wiki kadhaa. Gundi ya wigi isiguse ngozi. Kama huwezi kuiacha dawa, isirudiwe kabla ya wiki nane, ipakwe kwenye nywele mpya tu, na isipakwe juu ya kichwa kilichokunwa au chenye kidonda. Ushungi wenyewe hauna kosa lolote, ila usiufunge juu ya nywele mbichi wala kukaza kitambaa cha ndani palepale panjani. Panja za miaka michache mara nyingi huota tena ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili baada ya mvuto kuondoka. Zile za miaka mingi, ambazo ngozi yake imeshakuwa laini na yenye kung'aa, sikuahidi.

Nafika utosini. Sehemu ya ukubwa wa sarafu, yenye nywele fupi zinazokatika, inayowasha, kwa mwanamke Mwafrika wa miaka thelathini na kitu: maelezo hayo yananifanya niwaze ugonjwa wa makovu unaoanzia katikati ya kichwa na kusambaa taratibu kuelekea pembeni kama duara linalopanuka. Hapa uvimbe hushambulia kuta za kitundu cha nywele, mahali zilipo chembe zinazozalisha unywele mpya, na zikishakufa kitundu hujaa kovu na kufungika. Mkorosho uliopogolewa huchipua, uliong'olewa na mizizi hauchipui; nywele zako za kwenye kitana ni za kundi la kwanza, hizi za utosini zinaweza kuwa za kundi la pili. Ugonjwa huu hauna haraka wala kelele. Wengine huhisi muwasho, maumivu wakigusa, au hali ya kuungua, na wengine hawahisi chochote mpaka siku dada yao anapowapiga picha kwa juu.

Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliueleza kama matokeo ya chuma cha moto cha kunyooshea nywele. Baadaye ulionekana hata kwa wanawake ambao hawakuwahi kukitumia, na mwaka 2019 utafiti uliochapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika kinasaba kiitwacho PADI3, ambacho hushiriki katika kuujenga unywele. Hivyo usijilaumu kupita kiasi. Huenda ulirithi uelekeo, na dawa, moto na misuko vikauongezea mzigo. Waulize mama yako, mama wadogo na shangazi kama utosi wao umepungua. Jibu lao lina thamani kwa daktari. Vilevile, utafiti wa mwaka 2018 wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ulikuta kwamba wanawake weusi wa Marekani wenye ugonjwa huu wana vivimbe vya mfuko wa uzazi, yaani faibroidi, kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wasio nao. Kama hedhi zako zilikuwa nzito au zenye maumivu makali kabla ya ujauzito, litaje hilo pia, kwa sababu hedhi nzito humaliza damu.

Uthibitisho hupatikana kwa kutazama ngozi kwa lenzi na, ikibidi, kwa kukata kipande kidogo cha ngozi, cha milimita nne hivi, baada ya kupigwa ganzi. Matibabu yanalenga kuuzuia uvimbe usiendelee: dawa kali ya steroidi ya kupaka, sindano ndogondogo za steroidi kwenye ukingo wa doa, na wakati mwingine antibiotiki ya kumeza kwa miezi kadhaa kwa ajili ya kutuliza uvimbe. Sehemu ambayo haijawa kovu inaweza kuokolewa, na iliyokwisha kuwa kovu haitarudi, ndiyo maana nasema mwezi huu na si mwakani. Mwambie daktari kwamba unanyonyesha kabla hajaandika chochote. Na usiazime tyubu ya mtu anayejichubua kwa kuwa umesikia nayo ni steroidi. Nguvu yake, muda wake na mahali pa kuipaka vinahitaji usimamizi.

Huenda nimekosea na doa lako ni jambo jingine. Mapunye huwapata zaidi watoto, lakini mama anayelala na mtoto mwenye mapunye anaweza kuambukizwa, na tiba yake ni vidonge vya wiki kadhaa kwa sababu mafuta ya kupaka hayafiki ndani ya kitundu. Doa la duara, laini kama kiganja, lililotokea ghafla bila muwasho, kwa kawaida ni kinga ya mwili inayoshambulia vitundu kimakosa. Hilo haliachi kovu na mara nyingi hupona. Mstari wa katikati unaopanuka mwaka hadi mwaka huku ukingo wa mbele ukibaki ni upungufu wa kurithi, ambao hutumiwa minoksidili ya kupaka, dawa nisiyomwandikia mjamzito wala anayenyonyesha. Matatizo ya tezi ya shingo, kaswende, VVU, lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) na baadhi ya dawa za hospitali nayo yamo katika orodha, na vipimo vya damu ndivyo vinavyoyatenganisha.

Kuhusu vidonge ulivyonunua, vingi vya aina hiyo hubeba bayotini kwa kipimo kikubwa. Upungufu wa bayotini ni nadra kwa mtu anayekula chakula cha kawaida, hivyo kuiongeza hakumsaidii asiyeikosa. Ubaya wake ni kwamba huweza kuvuruga majibu ya maabara, yakiwemo ya tezi ya shingo, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2017. Viache siku chache kabla ya kupimwa na umtajie mpimaji. Mafuta ya nyonyo na ya nazi huulainisha unywele usikatike, na kwa kazi hiyo ni mazuri, lakini hayaoteshi kitu kwenye kovu. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi. Akitokea mtu wa kukushauri mafuta ya ganda la korosho, kumbuka wabanguaji wanavyopaka majivu mikononi kujikinga nayo, kisha mwache na ushauri wake.

Kwa wifi nina neno moja tu: anayetaka kuzitupa nywele zake mahali pa siri na azitupe, hakuna dhara, ila asikubali mtu amchanje utosini au ampake dawa isiyojulikana juu ya ngozi yenye uvimbe, kwa sababu kila jeraha hapo huongeza kovu.

Anza katika hospitali ya wilaya hapo Newala, uombe kupimwa damu na kuandikiwa rufaa kwa anayetibu ngozi. Katika ukanda wetu ziko hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Piga simu kwanza uulize siku za kliniki ya ngozi ili usipoteze nauli. Si lazima awe daktari bingwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu wa ngozi tangu mwaka 1992, na wengi wao wanaujua ugonjwa huu vizuri. Kama unaona haya kuvua ushungi mbele ya mwanamume, omba ahudumu mwanamke, au awepo muuguzi wa kike; ni haki yako na hakuna atakayeshangaa. Nenda ukiwa umefumua, hujapaka mafuta siku hiyo, na umebeba makopo ya dawa zote unazotumia.

Ama kunyoa, si dhambi wala si tiba, kwa kuwa wembe haufiki kilipo kitundu na unywele utakaoota ni uleule. Ila usinyoe kabla ya kuonwa, maana urefu wa nywele zilizobaki utosini na jinsi zilivyokatika ndivyo vitakavyomwonyesha daktari doa linaishia wapi. Mwombe dada au binti yako akupige picha ya utosi leo, mchana, karibu na dirisha, na airudie kila mwezi mahali palepale. Na mtoto akitimiza mwaka huku kitana bado kinajaa kama sasa, rudi ukapimwe upya damu na tezi ya shingo hata kama mara ya kwanza uliambiwa huna tatizo.